Mapafu Walikuwa Wawili

3 Februari

Kwa shemeji yangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku hatujambo, tunazisukuma siku. Binti yako mkubwa bado anafundisha darasa la kwanza na sauti imemkauka kwa kuwaambia watoto wakae chini. Mdogo wake amepata kazi ya umeme katika kiwanda cha sabuni. Akirudi jioni tunamnusa kabla hatujamwona. Mimi bado nashona, ila uzi kwenye sindano siku hizi nautia kwa kubahatisha.

Nimekupigia simu mara tatu tangu tumzike kaka yako. Mara zote tatu umeitikia "haloo", umesikia ni mimi, umekata. Basi nimenunua bahasha. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini najua utaisoma kwanza, maana wewe tangu ujana hukuweza kuiacha karatasi yenye maandishi, hata iliyofungiwa karanga.

Sitaki uendelee kusikia habari kwa watu, kwa hiyo nakuandikia ilivyokuwa. Kaka yako alikufa tarehe tisa Oktoba, asubuhi, amekaa ukingoni mwa kitanda anafunga kamba za viatu. Kiatu cha kulia alikuwa ameshakifunga. Nilikuwa namwambia chai inapoa. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakupata muda wa kuumia. Hilo nashukuru.

Sasa jambo lenyewe. Amekuja mtangazaji wa redio, mama kijana mwenye adabu, anatayarisha kipindi kirefu juu ya maisha ya Mapafu, mpiga saksafoni wa ukumbi wa reli. Amekusanya picha, amekusanya santuri. Akaniuliza, "Mama, wazee wote wanasema mumeo alikuwa anapuliza kuanzia saa mbili usiku mpaka kunakaribia kucha, hapumziki, na mwishoni ana nguvu kuliko mwanzoni. Ile pumzi aliipata wapi?"

Nikaitazama mikono yangu. Nikamwambia arudi siku nyingine, leo nina nguo za watu.

Shemeji, nataka akirudi nimwambie hivi: Mapafu walikuwa wawili. Saksafoni ilikuwa moja, kwa sababu familia iliweza kupata moja tu, na ndugu wawili walijifunza juu yake kwa zamu. Walipoingia katika bendi ya jazi, mwenye bendi alikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nao hawakutaka kuachana. Kwa hiyo mkubwa alipiga nusu ya kwanza. Saa tano, taa zikipunguzwa kwa ule wimbo wa polepole, alitokea mlango wa jikoni na mdogo akaingia, koti lile lile, kofia ile ile, akaendelea palepale wimbo ulipofika. Makoti nilishona mimi, yote mawili kutoka jora moja la kijivu. La mdogo nilitia pamba mabegani ajae. Miaka kumi na mmoja, hakuna mchezaji dansi hata mmoja aliyegundua.

Siri ilikuwa ya watu wanne: ninyi wawili, mimi, na mpiga ngoma. Kaka yako ametangulia. Mpiga ngoma nimemuuliza, akasema, "Muulize mwenyewe, mimi ni wa kugonga tu." Haya, nakuuliza. Nina ruhusa ya kukutaja? Mtangazaji anarudi mwisho wa Machi.

Najua uliondoka vibaya. Leo siandiki juu ya hilo.

Shemeji yako


26 Februari

Kwa shemeji, mama wa watoto wetu,

Nimeipata barua na nimeisoma. Karanga zenyewe hukutuma.

Mimi mzima. Bado niko karakana ya idara ya maji, ninafunga na kufungua mabomba. Vijana wananiita Babu Bomba. Mke wangu hajambo, anakusalimu bila kujua anamsalimu nani, kwa maana nilimwambia barua ni ya mteja wa zamani. Mwaka wa kumi na saba huu tumekaa pamoja na hajui kama niliwahi kupuliza kitu zaidi ya moto wa jiko.

Asante kwa habari ya kiatu. Nilitaka mno kujua alikuwa anafanya nini. Habari ya msiba ilinifikia siku hiyo hiyo jioni. Nilifunga begi nikaenda kituoni, nikakaa kwenye benchi mpaka gari likaja, nikalitazama likaondoka. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu gari lilijaa. Halikujaa.

Kuhusu simu, masikio yangu yameharibika kwa kelele za karakana.

Umenikumbusha makoti. Unakumbuka yule fundi viatu mnene? Kaka alimkanyaga mguu nusu ya kwanza, akamjibu jeuri, kisha akaja zake kulala kwako. Mimi naingia nusu ya pili, hata sijashika pumzi vizuri, jamaa ananifuata pembeni ya jukwaa: "Wewe Mapafu, rudia ulichosema!" Nami sijui nilisema nini. Nikamwambia, "Nilichosema ndicho hicho hicho." Alinipiga kofi nikaona nyota. Asubuhi nikamwambia kaka, "Kofi lako ninalo mimi shavuni, njoo ulichukue." Akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha akaenda kwa yule fundi, akamwomba radhi, akarudi na viatu vyangu vimeshonwa upya bure. Yule bwana alibaki anashangaa, amempiga mtu naye anamletea salamu.

Kaka alikuwa mtu wa namna hiyo. Aliniachia chakula, aliniachia kitanda cha dirishani, na nilipokuwa na miaka kumi na minne aliniachia saksafoni nusu siku, kila siku, wakati yeye ndiye aliyeifanyia kazi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Mwambie mtangazaji Mapafu alikuwa mmoja, naye ni kaka yangu. Mtu aliyeondoka na mdomo wa saksafoni wiki mbili kabla bendi haijasafiri kwenda kurekodi, mtu huyo hana sehemu katika hadithi hii. Usiniulize zaidi, nakuomba kwa heshima.

Wasalimie watoto.

Shemeji yako


14 Machi

Kwa shemeji yangu,

Salamu. Mvua zimeanza na paa la chumba cha mbele linavuja mahali palepale, juu ya cherehani, kana kwamba lina kisa na mimi. Kijana amepanda kuziba. Akashuka akasema ameziba. Mvua ikasema hajaziba.

Nimefurahi umeandika. Nilimsomea binti yako habari ya kofi, akacheka, halafu akalia, halafu akaniomba nisome tena.

Masikio yako hayana kitu. Mtu aliyeharibika masikio hukata simu kabla au baada. Hakati palepale aliposikia "ni mimi shemeji".

Umesema huna sehemu katika hadithi. Ngoja nikwambie sehemu yako, maana nadhani hukuwahi kuiona, ulikuwa umelala.

Wenzangu, wake wa wanamuziki, karibu wote, waliishi na mwanamume aliyerudi asubuhi na kulala mchana. Watoto walifundishwa kutembea kwa ncha za vidole. Mke wa mpiga tarumbeta aliniambia, "Mwenzangu, mimi nimeolewa na blanketi." Mimi mume wangu alikuwa nyumbani kabla ya saa sita usiku. Asubuhi aliamka na watoto. Aliwapeleka shule kwa mguu, mmoja kila mkono. Ndiye aliyekuwa anamsuka binti yako nywele, kwa sababu alisema vidole vyangu vina haraka ya cherehani. Na alipokuwa akisuka alifanya mazoezi; alibonyeza kichwa cha mtoto kama vitufe vya saksafoni. Mpaka leo binti yako akisikia baadhi ya nyimbo zile hujishika kichwa na kusema, "Hii ilipita hapa, nyuma ya sikio."

Watu walikuwa wanajua Mapafu yuko ukumbini anapuliza. Na kweli alikuwepo. Ulikuwepo wewe. Miaka kumi na mmoja wewe ulikesha ili mimi niwe na mume na watoto wawe na baba. Sikuwahi kukushukuru, kwa sababu nilidhani ni mpango wa ninyi wawili, si zawadi ya mtu. Sasa nimebaki peke yangu na ninahesabu nilichokuwa nacho, na kila ninapohesabu nakukuta wewe. Asante, shemeji. Nimechelewa, lakini asante.

Ndiyo maana nataka kukutaja. Na ndiyo maana sielewi. Mtu mmoja anatoa usiku wake wote miaka yote hiyo, kisha siku moja anaondoka bila kuaga na anachukua mdomo. Hakuchukua saksafoni, ambayo angeweza kuitumia au kuiuza. Alichukua kile kipande cheusi cha kupulizia ambacho peke yake hakitoi hata mlio. Unakumbuka kilivyokuwa, juu yake kumechimbika alama za meno, mbili za kaka yako na mbili zako, kwa sababu yeye aliuma katikati na wewe uliuma upande. Kaka yako alikaa wiki sita akitafuta mdomo mwingine unaoingia kwenye saksafoni ile. Bendi ilisafiri bila yeye. Wimbo wenu mkubwa kwenye santuri ile umepigwa na tarumbeta, na mpaka leo redioni ni tarumbeta.

Siandiki kukushitaki. Nataka kujua tu. Kwa nini uliuchukua?

Shemeji yako


30 Aprili

Kwa shemeji yangu,

Salamu. Sisi wazima. Wiki sita, hakuna barua. Posta wamenizoea, yule wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Mtangazaji alikuja mwisho wa Machi kama alivyosema. Nilimpa chai, nikamwonyesha picha, nikamweleza utoto wa kaka yako, mazoezi, ukumbi, nyimbo. Alipouliza tena juu ya pumzi, nikasema, "Hapo bado." Akasema, "Mama, bado nini?" Nikasema, "Bado tu, mwanangu." Ameahirisha. Kipindi kitarushwa Julai, na lazima amalize kurekodi mwisho wa Juni.

Ikiwa nimekuudhi kwa swali langu, niwie radhi. Lakini usinyamaze kama simu.

Shemeji yako


2 Juni

Kwa shemeji yangu,

Salamu kwako na kwa watoto. Nilianza barua hii mara nyingi. Mke wangu ameshaniuliza huyu mteja wa zamani ana bomba la namna gani.

Umeniuliza kwa upole, nami nitakujibu hivyo hivyo.

Mwezi ule wa mwisho nilikuwa nakohoa. Ulisikia wewe mwenyewe, ukanipa asali. Jumanne moja nilikohoa kwenye leso nikaona damu. Nikaenda peke yangu hospitali. Wakanipiga picha, daktari akaiweka kwenye mwanga, akanionyesha pafu la kushoto: kifua kikuu. Akaniuliza, "Unaishi na nani?" Nikasema peke yangu, maana chumba changu kilikuwa cha uani. Akauliza, "Unachangia vyombo na mtu? Kikombe, kijiko?" Nikasema hapana. Nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Shemeji, kila usiku kaka alikuwa ananipa saksafoni ikiwa bado ina joto la mdomo wake, na jioni ya pili yake aliitia kinywani ikiwa imetoka kwangu. Tulikuwa hatuoshi. Tulikuwa tunafuta kwa mkono wa koti. Tulijivuna kwa hilo. Kaka alisema ukiosha unaondoa sauti.

Niliporudi nyumbani saksafoni ilikuwa kwenye kochi. Nikachomoa ule mdomo, nikaufunga kwa gazeti, nikautupa katika choo cha shimo nyuma ya ukumbi. Nikaondoka na basi la saa nane mchana kwenda hospitali ya kifua, huku mji ninaokaa sasa. Nililazwa miezi minane.

Utauliza kwa nini sikusema. Unamjua kaka. Ningemwambia, "Kaka, usiiguse, naumwa," angenijibu, "Tumekula sahani moja tangu utotoni, leo nikuogope?" Angeipuliza mbele yangu kunionyesha. Nilimwona kabisa akifanya hivyo. Na ukumbi ungesikia Mapafu ana kifua, nani angekuja kucheza? Nikaona afadhali aniite mwizi. Mwizi mtu humkasirikia, hamfuati kumbusu.

Nilikusudia nikipona nirudi nieleze. Nikapona. Nikamtuma dereva mmoja wa lori apeleke salamu. Akarudi na jibu kutoka kwenu: "Mwambie kaka yake hana ndugu mwizi." Nikasema sawa, dawa imefanya kazi kupita kiasi. Miaka ikapita juu ya neno hilo kama mchanga juu ya kisima.

Kilichonizuia kupanda gari siku ya msiba ni hiki, nacho sijamwambia mtu. Tangu nilipoondoka, kila ikifika saa tano usiku, popote nilipo, nilikuwa nasema moyoni, sasa angeshuka. Sasa hashuki. Sasa anaendelea peke yake mpaka asubuhi, na nusu yake na nusu yangu, mwaka baada ya mwaka. Halafu ninasikia amekufa kwa moyo. Nikajua uliochosha moyo ule ni mimi. Nilitaka kuyaokoa mapafu yake nikaua moyo wake.

Sasa umejua. Ukitaka kunitaja redioni, nitaje kwa hilo.

Shemeji yako


15 Juni

Kwa shemeji yangu mpenzi,

Leo salamu nazifupisha, watu wote wazima, paa bado linavuja.

Barua yako niliisoma nimesimama posta, nikaisoma tena nimekaa kwenye ngazi za posta, na yule wa dirishani akaniletea maji. Nimewasomea binti yako na mdogo wake. Kijana alitoka uani akakata kuni ambazo hatuzihitaji.

Shemeji, kaka yako hakupiga nusu ya pili hata usiku mmoja.

Nisikilize vizuri. Alipopata mdomo mwingine akarudi ukumbini. Akapiga mpaka saa tano. Taa zikapunguzwa, wimbo wa polepole ukaisha, akaiweka saksafoni kwenye kiti chake, akavaa kofia akaja nyumbani. Watu wakapiga makofi wakidhani atarudi. Usiku wa pili hivyo hivyo. Mwenye bendi akaja juu: "Mapafu, umekuwaje? Watu wanakuja kwa ajili ya alfajiri!" Kaka yako akamjibu, "Nusu ile ina mwenyewe. Hayupo, lakini ni yake." Mwenye bendi hakuelewa, kwa sababu alikuwa hajui siri. Akamvumilia mwaka mmoja, kisha akachukua mpiga saksafoni mwingine. Mjini wakaanza kumwita Mapafu Nusu. Kaka yako akaenda kupiga katika hoteli ya karibu na kituo, saa moja mpaka saa nne, kwa wasafiri wanaokula chakula cha jioni. Akapiga pale miaka kumi na minane, na saa nne na nusu kila siku yuko nyumbani amevua viatu. Hakuchoka. Alinenepa.

Hukumwachia mzigo. Moyo wake ulikuwa wa baba yenu. Baba yenu naye alikufa asubuhi, tena kwa umri mdogo kuliko wa kaka yako. Wewe ulikuwa mtoto, huenda hukuambiwa.

Sikukueleza haya mwanzoni kwa sababu yana aibu yangu ndani. Lile neno la mwizi, alilokuletea dereva wa lori, silo la kaka yako. Kaka yako hakuwepo siku ile. Dereva alinikuta mimi mlangoni, na pini kinywani, na nguo ya bibi harusi mapajani, na hasira ya tangu ulipoondoka. Nililisema mimi. Na jioni sikumwambia kaka yako kwamba ulituma salamu.

Tena si hilo tu. Mwaka wa kwanza alitaka kuja kukutafuta. Alisema, "Mdogo wangu ana sababu. Mtu haibi kitu kisichomfaa." Mimi nikamwambia, "Ukienda, usirudi." Akakaa. Hakunilaumu hata siku moja, ila kila wiki alipofuta saksafoni alikuwa anauliza hewani tu, "Sijui anakula nini huko."

Nimeomba radhi kaburini. Sasa nakuomba wewe. Alikuwa na haki ya kusikia kwamba ulipona, na mimi ndiye niliyemnyima.

Nashukuru kwa kitu kimoja ambacho hasira yangu haikuweza kukiharibu: ulimwokoa. Hakukohoa. Alikuona wewe mwizi kwa siku chache tu, lakini alipumua vizuri miaka kumi na tisa, na nilikuwa pembeni yake nikimsikia anavyopumua. Nimepokea zawadi kutoka mkononi mwako mara mbili, kwanza asubuhi zake, kisha uhai wake.

Mtangazaji anakuja Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Nikipata neno lako nitasema yote, na aibu yangu nitaisema pia. Nisipolipata nitanyamaza, naye atatangaza kwamba Mapafu alikuwa mmoja, na itabaki hivyo tukishaondoka sote. Uamuzi ni wako.

Shemeji yako


23 Juni

Shemeji,

Sema. Ya dereva wa lori uyaache, hayo ni ya kwetu, na nimeshayasamehe kabla sijamaliza ukurasa. Mengine yote sema. Usisahau kofi.

Naipeleka mwenyewe posta sasa hivi ili iwahi. Salamu zitafuata.


22 Julai

Kwa shemeji yangu, mama wa watoto wetu,

Salamu nilizokuwa nadaiwa nazileta zote. Mimi mzima, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu ninaposema mzima namaanisha.

Tulikisikiliza kipindi. Nilikuwa nimepanga kukisikiliza peke yangu karakana, chakula cha mchana, redio ndogo sikioni. Lakini betri ziliisha palepale mtangazaji anasema "karibuni", na ikabidi niwaombe vijana wafungulie ile kubwa ya rafu. Kwa hiyo walisikia wote, na bomba la inchi nne liko wazi linamwaga maji.

Nilimsikia mpiga ngoma, sauti imezeeka lakini uongo ni ule ule. Eti nililala jukwaani! Hakuna usiku wowote niliolala juu ya jukwaa. Nilimsikia binti yetu akieleza nywele. Halafu nikakusikia wewe unasema, polepole kama mtu anayekata kitambaa cha thamani, "Mapafu walikuwa wawili, na wa pili yuko hai, anaishi, ni shemeji yangu." Kisha wakaweka mkanda wa mpiga ngoma, uliorekodiwa ukumbini kwa kinasa sauti chake. Sikujua kama upo. Shemeji, ule ni usiku mzima. Kaka anapiga, taa zinapunguzwa, husikii chochote, mlango tu, na mimi napokea. Tumo wote wawili katika wimbo mmoja. Nilidhani nitaijua sauti yangu mara moja. Sikuijua. Ilibidi nihesabu pumzi nijue ni nani.

Vijana walinitazama. Mmoja akasema, "Babu Bomba! Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akaokota kipande cha bomba chini akanipa, "Haya puliza basi." Wakacheka, nami nikacheka, na mkuu wa karakana akauliza nani ataziba maji.

Nyumbani mke wangu alikuwa amesikia kwa jirani. Nilimkuta amekaa mlangoni, mikono kifuani. "Kwa hiyo mteja wa zamani," akasema. Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Miaka kumi na saba unakoroma pembeni yangu, sikujua kama ni muziki." Kisha akaingia ndani, akatoa begi langu juu ya kabati, akalifuta vumbi, akaliweka mlangoni.

Shemeji, umenipa kaka yangu. Nilikuwa naye kama mtu niliyemdhulumu, sasa ninaye kama mtu aliyeniwekea nafasi. Ile habari yake ya kuuliza ninakula nini, naisoma kila siku. Nilikuwa nakula vizuri. Nimesema kwa sauti, labda amesikia.

Nimeomba likizo. Nimepewa kuanzia tarehe kumi Agosti, na nitakuja na mke wangu, kwa sababu amesema safari hii gari halitajaa. Nitataka kwanza unipeleke kaburini, halafu unionyeshe paa.

Wiki tatu zilizobaki si nyingi, lakini katika umri wetu mtu haahidi, anaomba. Jioni mkikaa kula, na binti yetu na mdogo wake wakiwepo, litajeni jina langu pamoja na lake. Mnikumbuke.

Mdogo wenu